Rangi ya Chakula Jikoni na Ukweli wa Picha

Rangi ya chakula kilichomo motoni ni habari. Mpishi wa Mpanda akaangapo migebuka kutoka Ziwa Tanganyika hahitaji kipimajoto; huitazama ngozi ya samaki ikigeuka kuwa ya kahawia, naye hujua hatua iliyofikiwa. Mtu apigaye picha ya chakula hicho, iwe kwa kitabu cha mapishi au kwa mafunzo ya lishe, huchukua dhamana ya kuifikisha habari hiyo kwa msomaji asiyekuwapo jikoni. Mara nyingi habari hupotea njiani, na chanzo chake ni moto wenyewe.

Mji wa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012, uko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa ajili ya mwinuko huo, maji huchemka hapo kwa nyuzi 96 hivi za Sentigredi, wala si 100. Samaki aliyemo katika mchuzi hawezi kuzidi joto hilo kwa kiasi kikubwa, hata kuni zikiongezwa, na nyama yake hubaki nyeupe. Katika mafuta mambo ni mengine. Maji ya ngozi yakiisha kukauka, joto la ngozi hupanda, na likipita kama nyuzi 140, viini vya protini na sukari huungana upesi na kutoa rangi ya kahawia pamoja na ile harufu inayomwita jirani. Badiliko hilo lilielezwa mwaka 1912 na mkemia Mfaransa, Louis-Camille Maillard.

Mwanga wa kuni, kwa upande wake, una wekundu mwingi na buluu kidogo sana. Wataalamu huipima rangi ya mwanga kwa Kelvini: mwali wa kuni hukaribia 1,900 au chini ya hapo, jua la mchana ni kama 5,500, na kivuli kinachoangazwa na anga ya buluu huweza kupita 7,000. Jicho la binadamu hujizoeza, hata ugali wa sembe huonekana mweupe kando ya mafiga. Kamera haina mazoea hayo. Ugali hutoka wa rangi ya chungwa, na samaki wa kuchemshwa hufanana na wa kukaangwa. Zama za filamu, wapiga picha waliweka kioo cha buluu mbele ya lenzi. Siku hizi simu hukisia yenyewe, na jikoni hukosea mara nyingi.

Dawa yake ni rahisi. Sahani nyeupe isiyo na doa iwekwe karibu na sufuria, mahali panapopata mwanga uleule. Kila nukta ya picha huhifadhiwa kwa tarakimu tatu, yaani nyekundu, kijani na buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Ikiwa sahani imetoka nyekundu 240, kijani 180 na buluu 90, nyekundu ikizidishwa kwa 0.75 na buluu kwa 2, zote tatu huwa 180, na sahani hurudia weupe wake. Hesabu hiyohiyo hutumiwa kwa picha nzima, na samaki hurudi katika rangi yake ya haki.

Lakini tarakimu ikigonga 255, yaliyozidi hapo hayakuandikwa popote, wala hakuna hesabu itakayoyafufua. Afadhali picha iwe na giza kidogo kuliko kuungua. Tena, sufuria iliyo kati ya mlango na moto hupata mianga miwili. Upande mmoja ukisahihishwa, wa pili huharibika. Basi sufuria isogezwe mlangoni, mwanga wa nje utawale.

Kuhusu mvuke, yafaa ikumbukwe kwamba mvuke halisi hauonekani. Weupe unaopanda ni matone madogo ya maji yaliyopoa hewani, na kwa hiyo huonekana zaidi asubuhi za baridi za Juni na Julai kuliko mchana wa joto wa Oktoba. Matone hayo hung'aa mwanga ukitoka nyuma yake na mandhari ikiwa ya giza. Moshi huelekea kwenye ubuluu, kwa kuwa chembe zake ndogo hutawanya buluu kuliko nyekundu. Utando huo wa moshi na mvuke waweza kupunguzwa baadaye kwa kuongeza tofauti ya mwanga na kivuli. Ila kazi hiyo huikoleza kahawia pia, na samaki aliyeanza tu kubadilika rangi huonekana ameiva. Sahani nyeupe haiwezi kulifichua kosa hilo. Kwa sababu hiyo picha ya asili haifutwi, na ile iliyosafishwa hulinganishwa nayo, na samaki mwenyewe akiwa bado sahanini.