Maswali na Majibu: Klabu za Sudan katika Ligi Kuu ya Rwanda

Maswali haya ni ya mwanafunzi wa Rusizi anayewajua wachezaji wote wa APR na Rayon Sports, lakini akiulizwa Al-Hilal imefikaje Kigali huandika neno moja tu: vita. Jibu si kosa, ila mtahini anataka kujua zaidi ya hapo.

Swali la 1. Taja klabu kubwa mbili za Sudan zilizoingia Ligi Kuu ya Rwanda msimu wa 2025/2026, na hadhi yao katika ligi hiyo. (Alama 3)

Al-Hilal na Al-Merrikh. Zote ni za Omdurman, mji unaotazamana na Khartoum kuvuka Nili Nyeupe, na ni watani wa jadi kama Simba na Yanga walivyo Dar es Salaam. Hilal huvaa buluu na nyeupe, Merrikh nyekundu na njano. Hadhi yao ni wageni. Neno hilo lina alama yake peke yake, usilisahau.

Swali la 2. Eleza jinsi vita vilivyozitoa klabu hizo nyumbani, na njia zilizopita hadi Rwanda. (Alama 8)

Tarehe 15 Aprili 2023 mapigano yalizuka Khartoum kati ya jeshi la Sudan, linaloongozwa na Abdel Fattah al-Burhan, na kikosi cha RSF cha Mohamed Hamdan Dagalo, maarufu kwa jina la Hemedti. Omdurman nayo ikaingia vitani. Ligi ikasimama, mashabiki wakakimbilia Misri, Chad na kwingineko, na klabu zikabaki na wachezaji wasio na mahali pa kuchezea.

Hapa wanafunzi wengi huruka moja kwa moja hadi 2025 na kupoteza alama. Klabu hizi hazikutoka Omdurman na kutua Kigali siku moja. Septemba 2023 Al-Merrikh ilicheza mechi yake ya nyumbani ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Yanga hapa hapa Rwanda, katika uwanja wa Kigali Pelé, ikafungwa 2-0. Msimu huo huo Al-Hilal ilifanya Dar es Salaam kuwa nyumbani kwake katika mashindano hayo. Lakini mechi chache za bara hazitoshi kuiweka timu sawa. Mchezaji asiye na ligi ya kila wiki hupoteza pumzi, hupoteza mazoea na wenzake, na klabu hupoteza sababu ya kumlipa. Ndiyo maana msimu wa 2024/2025 zote mbili ziliomba hifadhi katika ligi ya Mauritania. Al-Hilal ilimaliza ikiwa juu ya wote, ila ubingwa ukapewa klabu ya nchi, Nouadhibou.

Rwanda ilikuja baada ya hapo. Shirikisho la soka, FERWAFA, lilizipokea ligi ikiwa imeshaanza, zikabaki na mechi za viporo za kulipa. Kwa maoni yangu huu ni ukarimu unaostahili kusifiwa waziwazi. Kumpokea mpinzani mwenye nguvu kukuzidi si jambo jepesi kwa klabu ndogo inayopigania kubaki ligi kuu.

Swali la 3. Sudan ina nafasi gani katika historia ya soka ya Afrika? (Alama 6)

Nafasi ya mwanzilishi. Shirikisho la soka la Afrika, CAF, lilizaliwa Khartoum Februari 1957, na waanzilishi wake walikuwa Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini. Kombe la kwanza la Mataifa ya Afrika lilichezwa mji huo huo, mwezi huo huo, kwa timu tatu, kwa kuwa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi ilikataa kuleta timu ya weupe na weusi pamoja. Misri ikatwaa kombe. Mwaka 1970 Sudan ilibeba kombe hilo nyumbani kwa kuifunga Ghana 1-0.

Upande wa klabu, Al-Hilal ilifika fainali ya Klabu Bingwa Afrika mwaka 1987 na 1992, ikashindwa zote. Al-Merrikh ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1989. Ongeza hili, maana linagusa nyumbani: mwaka 2014 Merrikh ilikuja Kigali, ikaifunga APR 1-0 katika fainali ya Kombe la Kagame. Hilo liliwezekana kwa sababu Sudan, ingawa ni nchi ya Umoja wa Nchi za Kiarabu, kisoka imo pamoja nasi katika CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati linaloandaa kombe hilo.

Swali la 4. Kwa nini mgeni hapewi tiketi ya Afrika ya nchi mwenyeji? (Alama 4)

Tiketi za CAF ni mali ya shirikisho la kila nchi. Al-Hilal huenda Ligi ya Mabingwa kwa jina la Sudan. Ingechukua nafasi ya Rwanda, Sudan ingejikuta na wawakilishi wa ziada na Rwanda ingebaki mikono mitupu.

Swali la 5. Ligi ya timu 16 ikiongezwa timu mbili, mechi zinaongezeka kwa kiasi gani? (Alama 4)

Timu 16: kila moja hucheza mechi 30, jumla 240. Timu 18: kila moja 34, jumla 306. Zinaongezeka 66. Kanuni: idadi ya timu mara idadi hiyo ukitoa moja.

Swali la 6. Mkazi wa Rusizi anahusikaje na haya? (Alama 5)

Anahusika kwa kukosa. Espoir FC, klabu yetu ya uwanja wa Kamarampaka, ilishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2022/2023. Kwa hiyo ratiba ya Ligi Kuu ya msimu wa 2025/2026 haikuwa na safari ya Al-Hilal kuja Kamembe, mji wetu. Anayetaka kuiona ligi hiyo bila kuvuka msitu wa Nyungwe afuate barabara ya Ziwa Kivu kupitia Nyamasheke na Karongi, hadi Rubavu kwa Etincelles na Marines.

Linaniuma, kwa sababu watu wa huku wangewaelewa wageni hawa haraka. Bukavu, mji wa Kongo, iko ng'ambo ya daraja la Ruzizi. Mji huo ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, tuliona kwa macho yetu namna vita vinavyofunga soko, shule na uwanja wa mpira kwa pamoja. Mwanafunzi akiliandika hilo kwa maneno yake mwenyewe, apewe alama zote tano.