Mtuhumiwa wa ugaidi naye ana haki?

SWALI: Agosti 7, 1998 bomu liliua watu 11 Dar es Salaam. Kwa nini mtuhumiwa wa ugaidi asipigwe hadi aseme? – Msomaji, Bunda

JIBU: Ndugu yangu, uchungu wako ni halali. Lakini anayeteswa husema lolote ili maumivu yakome, na mlipuaji halisi akabaki mtaani. Katiba, ibara ya 13(6), inakataza mateso bila kubagua kosa.

Suala la kumweka mtu kizuizini bila kumhukumu ndilo gumu zaidi. Hata serikali ya Tanganyika huru ilitunga sheria ya kuwaweka watu kizuizini mwaka 1962. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walisota mahabusu miaka mingi kwa kesi ya ugaidi. Juni 2021 mashtaka yakafutwa. Miaka hiyo nani atawarudishia? Mtuhumiwa akamatwe, ila ahukumiwe mapema, kwa ushahidi.