Ukurasa Mmoja, Sura Nyingi: Somo Fupi Kuhusu Vivinjari

Mwaka huu nimeonelea niandike kuhusu jambo ambalo wengi wetu huliona kila siku bila kuliuliza: kwa nini ukurasa mmoja wa wavuti huonekana vizuri kwenye kompyuta ya maabara, halafu ukiufungua kwa simu ya mama unapindapinda kama njia ya shambani? Tena ni ukurasa ule ule, anwani ile ile!

Kwanza tufafanue maneno. Kivinjari ni programu inayotufungulia kurasa za wavuti. Chrome, Firefox, Safari, Edge na Opera Mini ni vivinjari. Ukurasa wenyewe haufiki kwetu kama picha iliyokwisha kuchorwa. Hufika kama maandishi ya maagizo. Lugha ya HTML husema kuna nini ukurasani: kichwa, aya, picha, kitufe. Lugha ya CSS husema vitu hivyo vikae vipi: rangi gani, upana gani, upande upi. Kivinjari ndicho husoma maagizo hayo na kuchora.

Hapa kwetu Chepilat tunaielewa hali hii upesi. Soko letu liko mpakani, upande huu Bomet, upande ule Nyamira, kwenye barabara itokayo Sotik kwenda Keroka. Mpe Mkipsigis na Mkisii barua moja ya Kiswahili waisome kwa sauti. Maneno ni yale yale, lakini kila mmoja ataisoma kwa lafudhi ya kwao. Vivinjari navyo ni hivyo hivyo. Kila kimoja kina injini yake ya kusomea: Chrome na Edge hutumia Blink, Safari hutumia WebKit, na Firefox hutumia Gecko.

Tatizo hili lilianza zamani. Tim Berners-Lee alitengeneza kivinjari cha kwanza mwaka wa 1990 akiwa CERN, kule Uswisi. Netscape Navigator ilitoka mwaka wa 1994, na Internet Explorer ya Microsoft ikafuata mwaka wa 1995. Hapo ndipo mafahali wawili walipoanza kupigana, na nyasi zilizoumia zilikuwa sisi wasomaji. Kila kampuni iliongeza maagizo yake yenyewe ambayo mwenzake hakuyaelewa. Mwaka wa 1994 liliundwa shirika la W3C ili kuweka kanuni za pamoja. Mwaka huo huo Håkon Wium Lie, raia wa Norwe, alitoa pendekezo la CSS, na toleo lake la kwanza likaidhinishwa Desemba 1996. Ila kuandika kanuni ni kitu kimoja, kuzifuata ni kingine.

Hebu tuchukue mfano mmoja tuupige hesabu. Ukipeleka majani chai kwenye kituo cha kununulia, kuna swali moja kubwa: je, karani anapima majani peke yake, ama anapima majani pamoja na kikapu? Majani ni yale yale, kikapu ni kile kile, lakini kilo zitatofautiana.

Basi kila kitu ukurasani hukaa ndani ya sanduku. Sanduku lina yaliyomo, lina nafasi ya ndani inayoyazunguka, halafu lina mpaka. Tuseme mwandishi ameagiza upana wa pikseli 300, nafasi ya ndani pikseli 20 kila upande, na mpaka wa pikseli 5 kila upande. Kwa kanuni za CSS, 300 ni ya yaliyomo peke yake, yaani majani bila kikapu. Kwa hivyo sanduku zima huwa 300 + 20 + 20 + 5 + 5, jumla 350. Lakini Internet Explorer 5 ilihesabu 300 kuwa ya sanduku zima, kikapu ndani! Yaliyomo yakabaki na pikseli 250 tu.

Sasa weka masanduku mawili kama hayo bega kwa bega katika nafasi ya pikseli 600. Kwa Internet Explorer 5 yanaenea barabara. Kwa kivinjari kinachofuata kanuni yanahitaji 700, kwa hivyo sanduku la pili linakosa nafasi na kuangukia chini. Mwandishi alijaribu kwenye kompyuta yake akaona mambo sawa, kumbe kwa jirani ni vurugu tupu.

Mtihani wa kuvipima vivinjari ulitungwa pia. Acid1 ulitoka mwaka wa 1998, na Acid2 ukafuata mwaka wa 2005. Kivinjari kikifuata kanuni vyema, Acid2 huchora uso unaotabasamu. Kikikosea, uso huo huharibika. Polepole mambo yakaboreka, na mwaka wa 2022 Microsoft iliistaafisha Internet Explorer kwenye kompyuta nyingi.

Lakini wenzangu, msidhani kazi imekwisha. Siku hizi tofauti kubwa iko kwenye simu. Opera Mini, iliyozinduliwa duniani mwaka wa 2006, ilipendwa sana Afrika kwa sababu inabana matumizi ya data. Katika hali yake ya kubana zaidi, ukurasa husomwa kwanza na seva iliyo mbali, hupunguzwa, kisha hutumwa kwa simu. Madoido mengi hupotelea njiani.

Je, hili lina uzito gani? Dada mmoja wa kijijini kwetu alikuwa akijaza fomu ya basari kwa simu ndogo. Alijaza kila kitu, lakini kitufe cha kutuma hakikuonekana kabisa. Ilikuwa siku ya mwisho. Ilimbidi apande matatu hadi Sotik, aingie saiba, na hapo kwenye kompyuta akakiona kitufe pale pale upande wa kulia. Alituma dakika chache kabla ya saiba kufungwa. Je, angekosa nauli? Maombi ya vyuo na mikopo ya masomo siku hizi hufanywa kwenye wavuti, kwa hivyo ukurasa uliopinda unaweza kumpindia mtu maisha.

Anayetaka kutengeneza ukurasa, basi na azingatie haya:

1. Mstari wa kwanza kabisa uwe tangazo la DOCTYPE. Bila hilo, vivinjari huweza kurudia tabia zao za kizamani.

2. Agiza box-sizing: border-box kwa masanduku yote. Hapo upana utahesabiwa pamoja na kikapu, kwa kila kivinjari.

3. Weka agizo la viewport, ili simu isijifanye kompyuta na kuyadogosha maandishi.

4. Pima kwa asilimia badala ya pikseli pale inapowezekana. Sanduku la pikseli 960 halitoshi kwenye simu ya 360, na ukiwa umeagiza kinachozidi kifichwe, kitufe kitapotea.

5. Taja fonti zaidi ya moja. Simu ikikosa ya kwanza, itachukua ya pili.

6. Jaribu ukurasa kwenye vivinjari vitatu au zaidi, pamoja na simu ya bei ya chini kabisa utakayoipata.

Jambo la mwisho. Si lazima ukurasa ufanane kila mahali kama mapacha. Rangi ikififia kidogo au picha ikahama, hakuna aliyekufa. Lililo lazima ni kila msomaji aweze kusoma, kujaza na kutuma. Anayejenga daraja humfikiria pia mwenye kuvuka kwa miguu.

Zoezi: (a) Sanduku lina upana wa pikseli 200, nafasi ya ndani 10 na mpaka 2 kila upande. Upana wake wote ni ngapi kwa kanuni za CSS? Na kwa Internet Explorer 5? (b) Fungua ukurasa mmoja kwenye simu mbili tofauti, kisha uandike tofauti tatu ulizoziona. Majibu mtuletee kwenye mkutano wa chama.