NANI ALISTAHILI SIFA YA KUSHINDA VITA KUU YA PILI?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Sita



Muhula uliopita Chama cha Mijadala cha shule yetu kilikutana katika ukumbi wa kulia, jioni ya Jumamosi, kujadili hoja hii: "Kwamba katika dola zilizoungana, Urusi ndiyo iliyostahili sifa kuliko zote kwa kushinda Vita Kuu ya Pili ya Dunia." Mimi ndimi niliyeitoa hoja. Mpinzani wangu alikuwa rafiki yangu wa darasa moja, kijana atokaye upande wa Masindi. Kura zilipohesabiwa nilipata 112, yeye akapata 74, nikabebwa juu juu mpaka bwenini. Nimekaa na ushindi huo likizo nzima, na sasa naona imenipasa kueleza katika gazeti letu jinsi nilivyoupata, kwa maana sehemu yake sikuipata kwa haki.

Nilianza na hesabu, kwa kuwa hesabu humziba mtu mdomo. Nilisema kwamba tarehe 22 Juni 1941 Hitler aliwatuma askari zaidi ya milioni tatu kuuvamia Umoja wa Kisovieti, dola ambayo sisi kwa mazoea tunaiita Urusi. Nikasema kwamba vita vilipokwisha watu wa dola ile yapata milioni 27 walikuwa wamekufa, askari na raia, kwa risasi, kwa njaa na kwa baridi. Kwamba mji wa Leningrad ulizingirwa siku 872, watu wakifa njaa majumbani mwao. Kwamba huko Stalingrad, mwanzo wa mwaka 1943, Wajerumani 91,000 waliosalia walichukuliwa mateka. Na kwamba katika kila askari wanne wa Kijerumani waliouawa, yapata watatu waliuawa upande wa mashariki. Hapo nilinyamaza kidogo, kama tulivyofundishwa, nikawatazama vijana wa Kidato cha Kwanza walioketi mbele. Mmoja alikuwa ameacha kinywa wazi.

Mpinzani wangu aliitetea Marekani. Alitaja vita vya Midway vya Juni 1942, ambapo Wajapani walizamishiwa meli nne za kubebea ndege, kisha akataja kutua kwa majeshi katika pwani ya Normandy. Nilimrudia upesi: siku ile ya 6 Juni 1944 waliotua walikuwa yapata 156,000, na zaidi ya nusu yao hawakuwa Wamarekani bali Waingereza na Wakanada. Makofi. Akataja malori ambayo Marekani iliwapelekea Warusi. Nikasema malori hayapigani vita, tena yalifika kwa wingi baada ya Stalingrad, moto ukiwa umekwisha kuzimwa. Makofi zaidi.

Mwisho aliinuka akauliza jambo lisilokuwamo katika karatasi yake. "Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "kwetu, karibu na Masindi, mahali paitwapo Nyabyeya, kuna kanisa lililojengwa na Wapolandi wakati wa vita, na makaburi yao yako huko. Kama mtoa hoja asema Warusi ndio wakombozi wa Ulaya, na atuambie watu wale walikuwa wakikimbia nini hata wakafika Masindi."

Sikujua jibu. Mtu asiyejua jibu aweza kukiri au aweza kufanya mzaha, nami nilifanya mzaha. Nilisema labda walisikia habari za tembo wa Murchison wakaja kuwinda. Ukumbi wote ulicheka, hata mwenyekiti. Rafiki yangu akaketi. Nadhani kura zangu nyingi zilitoka katika kicheko kile.

Padre anayetufundisha historia hakucheka. Kesho yake baada ya Misa aliniita, akanipa vitabu vitatu, akasema, "Ukivimaliza, nenda Nyabyeya." Nilikwenda wakati wa likizo. Rafiki yangu alinipokea kwao, mama yake akanikaribisha kama mwanawe, wala hakuna aliyetaja tembo. Kanisa lingali limesimama, na Wakristo wa huko wasali ndani yake hata leo. Makaburi nayo yapo, yenye majina ambayo mimi na yeye tulijaribu kuyasoma kwa sauti tukashindwa.

Basi jibu la swali lake ni hili. Tarehe 23 Agosti 1939 Stalin na Hitler walifanya mapatano. Hitler aliivamia Polandi kutoka magharibi tarehe 1 Septemba, na tarehe 17 ya mwezi uleule majeshi ya Stalin yakaingia kutoka mashariki, wakaigawana nchi ile kama watu wagawanavyo nyama. Mwaka 1940 na nusu ya kwanza ya mwaka 1941 serikali ya Kisovieti iliwakamata Wapolandi kwa malaki, akina mama na watoto pia, ikawapakia katika mabehewa ya mizigo na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Karibu watu 22,000, wengi wao maofisa wa jeshi na polisi, waliuawa katika majira ya kuchipua ya mwaka 1940, baadhi yao katika msitu wa Katyn; na serikali ile haikukiri jambo hilo mpaka mwaka 1990. Wakati huo wote magari moshi ya Kisovieti yalikuwa yakimpelekea Hitler mafuta na nafaka. Ndipo Hitler alipomgeukia mwenziwe. Stalin, akiwa sasa ahitaji marafiki, aliwafungulia Wapolandi wengi, na maelfu yao wakashuka mpaka Iran mwaka 1942. Wanaume waliofaa waliingia jeshini. Hao ndio baadhi ya wale walioteka mlima wa Monte Cassino huko Italia mwezi Mei 1944. Wake zao, wazee na yatima walipakiwa melini kuja Afrika ya Mashariki. Katika Uganda walikaa Nyabyeya, na Koja kando ya Ziwa Viktoria. Vita vilipokwisha wengi hawakurudi, kwa kuwa mahali palipokuwa kwao palikuwa pametiwa ndani ya mipaka ya Kisovieti.

Je, hoja yangu imeanguka? Nimeipima mara nyingi. Naona kwamba hesabu zangu zilikuwa za kweli, lakini nilizitumia vibaya mahali pawili.

Pa kwanza ni wale milioni 27. Niliwaita Warusi wote, nikisema kana kwamba kila aliyekufa ni fungu la fedha liliwekwa benki kwa jina la Urusi. Ndani yao walikuwamo Waukraine, Wakazaki, Wayahudi, Waarmenia na wengine wengi. Belarus peke yake yasemekana ilipoteza yapata robo ya watu wake. Tena kufa si kushinda. Polandi ilipoteza raia wapatao milioni sita, nusu yao Wayahudi, na baada ya hayo haikupata hata uhuru wake. Kama vifo ndivyo vipimo vya sifa, basi mshindi mkuu angekuwa yule aliyeonewa kuliko wote.

Pa pili ni malori, na hapa namwomba radhi mpinzani wangu, kwani alikuwa na hoja nzuri kuliko alivyojua mwenyewe. Kwa sheria iliyotiwa sahihi mwezi Machi 1941, Marekani ilianza kuwapa washirika wake vifaa bila kudai fedha taslimu. Umoja wa Kisovieti ulipata malori na magari madogo ya jeshi zaidi ya 400,000, vichwa vya gari moshi karibu 2,000, mamilioni ya jozi za viatu, na chakula cha makopo kingi hata askari wao walikuwa wakiita nyama ya kopo "uwanja wa pili wa vita", kwa kuwadhihaki Wamarekani waliochelewa kutua Ufaransa. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ilifika baada ya Stalingrad. Lakini nilisahau kwamba kuzuia ni kazi moja na kufukuza ni kazi nyingine. Mwezi Juni 1944 jeshi la Kisovieti lilianza mashambulio yaliyoitwa Bagration, likavunja kundi zima la majeshi ya Kijerumani huko Belarus, na kabla Agosti haijaisha lilikuwa limesogea zaidi ya kilomita 500, mpaka karibu na Warszawa. Askari aendaye kwa miguu hawezi kufuata vifaru mwendo huo, wala mizinga haiendi bila risasi, wala risasi haziji zenyewe. Zilikuja juu ya magurudumu, na mengi ya magurudumu hayo yalitengenezwa Marekani. Khrushchev, aliyetawala baada ya Stalin, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba Stalin mwenyewe alikiri mara kadhaa kuwa bila msaada wa Marekani wasingaliweza. Mimi nilimkanusha Stalin mbele ya watu 186, nao wakanipigia makofi!

Wala hatukuwatendea haki Waingereza, tuliowataja siku ya Normandy tu. Mwisho wa Mei 1940, Ufaransa ikiwa karibu kuanguka, baraza la mawaziri la London lilijadili kwa siku kadhaa kama iulizwe amani kwa njia ya Italia. Churchill alikataa, na wenziwe wakamfuata. Kama wangalikubali, Hitler angalimwendea Stalin mwaka uliofuata bila adui mgongoni, na Marekani isingalikuwa na mahali pa kukusanyia majeshi ya kuvukia kwenda Normandy. Hawakuua Wajerumani wengi mwaka ule. Waliokoa wakati, na wakati hauonekani katika hesabu. Hata kufumbua maandishi ya siri ya Wajerumani, jambo ambalo Waingereza hujivunia, kulianzwa na Wapolandi mwaka 1932, nao wakawapa Waingereza na Wafaransa ujuzi huo Julai 1939, majuma machache kabla ya nchi yao kuvamiwa.

Halafu tulijadili vita nusu. Uchina ilikuwa ikipigana na Wajapani tangu Julai 1937, ikapoteza watu kwa mamilioni, na sehemu kubwa ya jeshi la nchi kavu la Ujapani ilikwama huko miaka yote. Baharini kazi ilikuwa ya Marekani. Umoja wa Kisovieti ulitangaza vita juu ya Ujapani tarehe 8 Agosti 1945, siku mbili baada ya bomu la Hiroshima. Tarehe 15 Mfalme wa Wajapani akatangaza kukubali kushindwa. Hoja yangu ilisema "Vita Kuu ya Pili ya Dunia", nami nikaifupisha kimyakimya ikawa vita vya Stalin na Hitler.

Kuna jambo katika vitabu vya Padre lililonifikirisha kuliko yote. Mwezi Mei 1945 Wafaransa waliulizwa ni taifa gani lililosaidia zaidi kuishinda Ujerumani. Katika kila mia, 57 walisema Umoja wa Kisovieti, 20 wakasema Marekani, 12 wakasema Uingereza. Mwaka 2004 Wafaransa wakaulizwa tena: sasa 58 walisema Marekani, na 20 tu wakasema Umoja wa Kisovieti. Katika miaka ile 59 hakuna hata mfu mmoja aliyehamishwa kaburi. Kilichobadilika ni urafiki wa mataifa, na sinema, na mambo waliyofundishwa watoto shuleni. Nilipoyasoma hayo niliona kwamba kura zangu 112 si kitu cha kujivunia sana.

Kijana mmoja wa Kidato cha Pili alininong'oneza siku ile, "Na sisi je?" Nilimpuuza. Baba wa babu yangu alikuwa askari wa King's African Rifles. Kiswahili alijifunzia jeshini, kama Waganda wengi wa wakati wake, akarudi nacho nyumbani. Alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, iliyoteremka bonde la Kabaw huko Burma katika mvua za mwaka 1944, ikafika Kalewa kando ya mto Chindwin mwezi Desemba. Wengine hawakufika hata huko. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani kwa muda wa dakika chache tu, wakafa watu zaidi ya 1,200, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki. Sisemi kwamba wao ndio walioshinda vita. Nasema kwamba mimi, mjukuu wa askari yule, nilisema dakika kumi na mbili bila kuwataja.

Mkiniuliza leo nitapiga kura gani, nitajibu hivi. Kwamba jeshi la Ujerumani lilivunjwa mgongo hasa na majeshi ya Kisovieti, nakubali, na sioni kitabu kitakachoniondoa hapo. Lakini hoja haikusema "nani alivunja"; ilisema "nani alistahili sifa", na neno hilo nililipita mbio. Sifa humwendea mtu mzima, pamoja na alilolitenda jana yake. Siwezi kuwasifu askari waliokufa Stalingrad na katika pumzi ileile nikaisifu serikali iliyowapeleka kina mama wa Nyabyeya Siberia. Rafiki yangu aliliona hilo kwa kupita tu njiani karibu na kanisa lile tangu utoto wake, na mimi sikuliona kwa vitabu vyangu vyote.

Muhula huu nimechaguliwa kwenda kuisemea shule yetu katika mjadala na shule jirani, kwa sababu ya kura zile. Nimemwandikia mwenyekiti kwamba ningependa tuende wawili, na kwamba mwenzangu ndiye atangulie kusema. Mwenyekiti bado hajanijibu. Rafiki yangu asema atakubali kwenda, ila nisifungue mdomo juu ya tembo.