Kutapika Baada ya Operesheni ya Unene

Siku hizi hata hapa Kenya wako watu wanaofanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo, yaani ule mfuko unaopokea chakula, ili wapungue uzito. Wengi hupona vizuri. Lakini kuna shida moja, tena ni nadra, ambayo sisi tunaotembelea wagonjwa nyumbani tunaweza kuiona kabla ya daktari.

Mtu akitapika kila mara kwa wiki mbili tatu, akiba ya vitamini B1 mwilini huisha. Bila vitamini hiyo ubongo hushindwa kutumia sukari, nao huumia. Ugonjwa huu ulielezwa na daktari Mjerumani, Carl Wernicke, mwaka 1881. Baada ya operesheni, mara nyingi hutokea katika miezi mitatu ya kwanza.

Dalili zake ni hizi:
1. Macho kucheza-cheza, au kuona kitu kimoja kama viwili.
2. Kuyumba akitembea.
3. Kuchanganyikiwa na kusahau.

Si lazima zionekane zote.

Majirani watasema amelewa ama amerogwa. Tusiwangojee. Twende hospitali siku hiyo hiyo, tumwambie daktari mambo mawili: alifanyiwa operesheni ya tumbo, na amekuwa akitapika. Anahitaji vitamini B1 kwa sindano, kwa maana vidonge atavitapika. Tena asiwekewe dripu ya sukari peke yake bila vitamini hiyo, yaweza kumzidishia. Akicheleweshwa, anaweza kupoteza kumbukumbu kabisa, hata kufa.

Swali la kikundi: Mgonjwa wetu akitapika, nani anahesabu siku?