Kimbunga na Milima ya Kisiwa

Katika bahari ya Atlantiki, kati ya Afrika na Amerika, jua huwaka sana miezi ya Julai, Agosti na Septemba. Maji ya juu hupata moto, hata mtu akiogelea humo haoni baridi. Bahari hiyo hutoa mvuke mwingi, kama sufuria iliyo juu ya mafiga. Lakini sufuria hii ni pana kuliko nchi nyingi. Mvuke hupanda juu, hukutana na baridi, hugeuka mawingu na mvua. Nao ukigeuka maji hutoa lile joto ulilolichukua baharini. Hewa inayouzunguka hupata moto, nayo hupanda zaidi. Hewa nyingine hukimbia kwa chini ili kujaza nafasi iliyoachwa. Kwa kuwa dunia inazunguka, hewa hiyo haiji moja kwa moja, bali hupindwa njiani na kuzunguka. Maji yakiwa na joto la digrii 26 na zaidi, tena upepo wa juu ukiwa mpole, kimbunga huzaliwa.

Katikati yake pana jicho. Ndani ya jicho upepo umetulia, na mara nyingine mbingu huonekana. Kandokando ya jicho ndiko kwenye upepo mkali kupita wote, wala haumo juu sana, bali chini, karibu na maji. Wataino, wenyeji wa visiwa vya huko zamani, walikuwa na neno lao, hurakan. Waspanyoli walilichukua, na lugha nyingi za Ulaya zikalipokea kwao.

Vimbunga vingi vikubwa vya Atlantiki huanza kwa mawingu ya mvua yanayotoka Afrika ya Magharibi na kuingia baharini karibu na visiwa vya Cap-Vert. Huenda upande wa magharibi, siku kwa siku, mpaka visiwa vya Karibi. Katika nchi zilizo juu ya ikweta, kama Kongo, havizaliwi, kwa sababu huko mzunguko wa dunia hauwezi kuupinda upepo vya kutosha.

Katika visiwa vya Karibi kuna kimoja kikubwa kiitwacho Hispaniola. Upande wa magharibi ni nchi ya Haiti. Upande wa mashariki ni Jamhuri ya Dominika. Safu za milima zimekipita kisiwa hicho toka upande huu hata upande huu. Pico Duarte, mlima mrefu kupita yote ya visiwa hivyo, uko humo, na kimo chake chapita meta 3,000.

Kimbunga kikipanda juu ya kisiwa cha namna hiyo, hupata hasara mbili. Kwanza, chini yake hakuna tena maji ya moto. Ni kama mtu ameondoa kuni chini ya sufuria. Hasara hiyo hukipata hata juu ya nchi tambarare. Hasara ya pili ni ya milima yenyewe. Upepo wa chini, ule wenye nguvu, hugonga miamba, husukumwa mabondeni, hugeuzwa huku na huku. Mawingu ya juu huendelea na safari yao. Basi sehemu ya chini na sehemu ya juu huachana. Watoto wachezao pia wanalijua jambo hili: pia huzunguka vizuri mahali palipo sawa, lakini ikigusa jiwe huyumba, na mara huanguka. Kimbunga nacho huyumba, na jicho lake huweza kupotea kabisa.

Tarehe 31 Agosti 1979 kimbunga kilichoitwa David kilifika karibu na Santo Domingo, mji mkuu wa Jamhuri ya Dominika. Upepo wake ulikuwa na mwendo wa kilometa 280 kwa saa. Kutoka pwani kilipanda milimani. Siku iliyofuata, kilipopita mashariki ya Kuba, hakikuwa kimbunga tena, kwa maana upepo wake ulikuwa umeshuka chini ya kilometa 119 kwa saa. Hiyo ndiyo hesabu waliyoiweka wachunguzi wa hali ya hewa: ikipungua hapo, jina la kimbunga huondolewa, huitwa dhoruba tu. Juu ya bahari kilipata nguvu tena, na tarehe 3 Septemba kilipiga Florida, katika Marekani. Lakini nguvu ile ya Santo Domingo hakikuirudia. Milima ilikuwa imewakinga watu wa Florida. Katika nchi yenye milima hiyo, watu wapata 2,000 walikufa.

Mwaka 2019 ilitokea kinyume. Dhoruba iliyoitwa Dorian ilikuwa bado ndogo, na wachunguzi walidhani kwamba itapita juu ya milima ya Hispaniola na kudhoofika. Haikupita huko. Iligeuka kidogo upande wa kaskazini, ikapita kwenye visiwa vidogo mashariki ya Puerto Rico, ikatoka katika bahari wazi bila kuguswa na mlima wowote. Tarehe 1 Septemba iliingia katika visiwa vya Bahama, ikiwa kimbunga chenye upepo wa kilometa 295 kwa saa. Visiwa vya Bahama havina milima. Kilima chake kirefu hakifiki hata meta 70. Kimbunga kilisimama juu ya kisiwa cha Grand Bahama zaidi ya siku nzima, kama mtu aliyeketi mkekani, wala hapakuwa na kitu cha kukivunja. Watu zaidi ya 70 walikufa. Njia ilikuwa imebadilika kidogo tu, na kwa ajili ya hayo mambo yote yalibadilika.

Kwa kusikia habari hizi, mtu angeweza kusema: heri nchi yenye milima. Lakini asiseme upesi.

Milima huvunja upepo, lakini mvua haiizuii, tena huiongeza. Hewa ya kimbunga imejaa mvuke. Ikifika mlimani haiwezi kupita ndani yake, basi hupandishwa juu kwa nguvu. Huko juu hupata baridi, na mvuke wote hugeuka maji kwa mara moja. Ni kama nguo iliyoloa ikikamuliwa. Katika kisiwa cha Réunion, katika bahari ya Hindi, kuna milima mirefu iliyosimama karibu na bahari. Mwezi wa Februari 2007, kimbunga Gamede kilipopita karibu na kisiwa hicho, mvua iliyopimwa mlimani kwa siku tatu ilikuwa milimeta 3,929. Ni karibu meta nne. Kama maji hayo yangesimama pale yalipoanguka, nyumba ya kawaida ingefunikwa. Hakuna mahali pengine duniani ambapo watu wamepima mvua nyingi hivyo kwa siku tatu.

Na sasa habari ya Jeanne.

Jeanne ilizaliwa mwezi wa Septemba 2004. Tarehe 15 ilipita Puerto Rico, ikiwa dhoruba. Tarehe 16, kwenye ncha ya mashariki ya Jamhuri ya Dominika, ilipata kuitwa kimbunga. Lakini jina hilo halikukaa. Ilitambaa polepole kandokando ya milima ya Hispaniola, upande wa kaskazini, na milima ikaivunja. Tarehe 18 upepo wake ulikuwa chini ya kilometa 63 kwa saa. Kwa hesabu ya upepo haikuwa hata dhoruba.

Mvua yake ilikuwa haijapungua. Iliendelea kunyesha juu ya milima ya kaskazini ya Haiti. Milima hiyo zamani ilikuwa na misitu. Kwa muda wa miaka mingi watu waliikata, wapate mashamba, wapate mbao, na zaidi wapate makaa ya kupikia. Mlima wenye miti hunywa maji kidogo kidogo, na mizizi hushika udongo. Mlima mtupu hauna cha kuyashika. Maji yote hushuka pamoja, yakichukua udongo na mawe.

Chini ya milima hiyo, karibu na bahari, uko mji wa Gonaïves. Umejengwa mahali tambarare, na mto La Quinte hupita karibu nao. Upepo haukuwatisha watu wa mji, maana haukuwa mkali. Ndipo maji ya matope yakashuka kutoka milimani na kuingia barabarani na nyumbani. Waliowahi walipanda juu ya paa. Wengi hawakuwahi. Katika Haiti walikufa watu wapata 3,000, na karibu wote walikuwa wa Gonaïves na vijiji vya jirani.

Jeanne ilikuwa bado na safari. Milima ilikuwa imevunja sehemu ya chini tu. Mawingu ya juu yalikuwa yakizunguka bado, na mbele yake palikuwa na maji ya moto. Ilitoka kaskazini, ikaingia bahari wazi, na tarehe 20 Septemba ilikuwa kimbunga tena. Kwa siku kadhaa ilizunguka mahali pale pale, ikafanya duara baharini kama mtu aliyepotea njia. Mtu aliyetazama ramani angedhani kwamba inakwenda zake mbali na watu. Kisha ikageuka magharibi. Tarehe 25 ilivuka visiwa vya kaskazini vya Bahama, visiwa vile visivyo na milima, wala haikudhoofika. Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 26 iliingia Florida kwa upepo wa kilometa 195 kwa saa. Upepo huo ulikuwa mkali kuliko wakati wowote ilipokuwa karibu na Hispaniola.

Kwa sababu hii wachunguzi hawaulizi tu kama kimbunga kimegusa mlima. Huuliza kilikaa saa ngapi juu ya nchi. Huuliza kama jicho lilipita katikati ya milima au kandokando. Hutazama kama mawingu ya juu yamebaki pamoja, na kama bahari iliyo mbele ina joto. Kimbunga chembamba huvunjika upesi, kipana hustahimili. Ndege hutumwa kuingia ndani yake na kupima upepo mara tu kinapotoka kisiwani, kwa maana hapo ndipo ni vigumu sana kujua kitakavyokuwa.

Huko Florida watu walikuwa wameonywa mapema, na wengi walihama pwani kabla ya usiku ule. Jeanne iliingia karibu mahali pale pale alipopita Frances, kimbunga kingine, wiki tatu kabla. Nyumba nyingi zilikuwa hazijapata paa mpya; zilifunikwa kwa maturubai tu, na upepo ukayachukua.

Maulizo

1. Kwa nini kimbunga hupoteza nguvu kikipanda juu ya kisiwa chenye milima? Taja hasara zote mbili.
2. Dorian ilipita njia gani, na wachunguzi walidhani itapita wapi?
3. Tarehe 18 Septemba 2004 upepo wa Jeanne ulikuwa dhaifu. Basi watu wa Gonaïves waliuawa na nini?
4. Chora ramani ya safari ya Jeanne kutoka Puerto Rico hata Florida, na uandike tarehe kila mahali.