Jiko la Makaa ya Mawe Nyumbani: Mafunzo Niliyopata

Ninaishi kaskazini-mashariki mwa Pennsylvania, Marekani, karibu na mji wa Wilkes-Barre. Huku maji huganda bombani mwezi wa Januari, na nyumba isiyo na moto haikaliki. Ardhi yetu ina makaa ya mawe magumu yaitwayo anthrasaiti, na hadi leo zipo familia zinazopasha nyumba joto kwa makaa hayo. Mimi pia niliweka jiko lake sebuleni. Mafunzo haya nawaandikia ndugu waliohamia nchi za baridi, ingawa la mwisho linamhusu hata aliyeko Makete, Lushoto au Limuru.

1. Anza na dohani, jiko lifuate

Wengi hukimbilia dukani kuchagua jiko zuri, ilhali kazi kubwa hufanywa na dohani. Hewa ya moto inapopanda dohani ndipo hewa mpya huvutwa motoni. Mvuto huo ukikosekana, gesi hurudi chumbani. Kabla sijanunua chochote nilimwita fundi aikague dohani yangu toka chini hadi juu. Kanuni ya Marekani inataka ncha yake ipite paa kwa angalau sentimita 90, tena izidi kwa sentimita 60 kila kilicho ndani ya umbali wa mita 3. Na kabla ya kazi kuanza, pata kibali cha ujenzi na uiarifu kampuni ya bima ya nyumba.

2. Lipe jiko nafasi yake

Joto la jiko hukausha mbao za ukuta pole pole kwa miaka, mpaka siku moja zikashika moto. Jiko likae juu ya sakafu isiyoungua, na umbali wake kutoka ukutani uwe ule ulioandikwa na mtengenezaji. Pasipo maelekezo, umbali wa sentimita 90 ndio unaotumika sana. Makochi, mapazia na nguo za kuanika zihesabiwe pia.

3. Nunua makaa yanayolingana na jiko

Anthrasaiti huchekechwa na kuuzwa kwa ukubwa. Vipande vya sentimita 2 hadi 4, viitwavyo "nut", ndivyo vinavyofaa majiko mengi ya kulishwa kwa mkono. Punje ndogo ziitwazo "rice" ni za majiko yanayojilisha kwa mota ya umeme. Mimi nilichagua la mkono, kwa sababu dhoruba ya theluji ikiangusha nyaya za umeme, jiko langu linaendelea kuwaka.

4. Hewa ipite chini ya makaa

Kuni huridhika na hewa ya juu, lakini anthrasaiti inataka hewa ipenye kutoka chini. Zamani wahunzi waliiwasha kwa nguvu ya mivukuto. Tarehe 11 Februari 1808, Jesse Fell wa hapa Wilkes-Barre alionyesha kwamba inawaka vizuri bila mivukuto ikiwekwa juu ya chanja cha chuma. Jiko langu linafuata njia hiyo hiyo: chanja, nafasi ya majivu chini yake, na kilango cha kupimia hewa. Ukitaka joto zaidi, fungua kilango kidogo na usubiri. Mlango wa majivu usiachwe wazi na kusahaulika, maana moto hupanda kupita kiasi na kupinda vyuma.

5. Washa kwa subira

Anza na kuni kavu mpaka upate kaa jekundu la kutosha chanja chote. Tandaza makaa ya mawe kwa tabaka jembamba, ungoje ndimi za buluu zicheze juu yake, kisha ongeza tabaka jingine hadi ufikie ukingo wa matofali ya ndani. Kila unapoongeza, acha sehemu moja ya moto mwekundu ikionekana ili iwashe gesi inayotoka kwenye makaa mapya. Ukifunika moto wote, gesi hiyo hujikusanya na inaweza kulipuka kwa kishindo ndani ya jiko. Moto uliojengwa vizuri huweza kukaa saa 12 bila kuongezwa kitu.

6. Usichokoe juu, tikisa chini

Anayetoka kwenye kuni hutamani kuchokoa. Anthrasaiti ikichokolewa kutoka juu hufa, na majivu yake huweza kuyeyuka na kuganda vinundu vinavyoziba chanja. Tikisa chanja kwa mitikiso mifupi mifupi mpaka uone wekundu ukiangaza chini, kisha uache. Toa majivu kila siku ukitumia ndoo ya chuma yenye kifuniko, uiweke nje mbali na ukuta, kwani chembe za moto huishi ndani yake muda mrefu. Majira ya baridi yakiisha, safisha jiko na bomba mapema. Majivu yana salfa, na yakipata unyevu wa kiangazi hula chuma.

7. Ogopa gesi usiyoiona

Kila moto wa makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hushika damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na aliyelala huweza asiamke. Nimeweka ving'ora vya kuitambua kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala, na betri zake nazikagua. Kichwa kikiuma na kizunguzungu kikiwapata watu kadhaa kwa pamoja, tokeni nje kwanza, mengine baadaye.

Jiko la mkaa tulilokulia nalo hutoa gesi hiyo hiyo, na halina dohani. Kila msimu wa baridi wapo wanaoliingiza chumbani, wakafunga mlango na madirisha ili joto lisitoroke. Nakusihi, ndugu msomaji, usilale nalo ndani, hata moshi ukiwa umekwisha na makaa yamekuwa mekundu. Kama huna dohani, lala na blanketi la pili, na jiko libaki nje.